Kuvumwani ya Kavuti

Tseikuru ni mahali pa mbuzi na vumbi, na mtu akikuambia amepata kazi ya kutafuta majani mabichi huko, utamwuliza kama jua limemharibu kichwa. Ndivyo walivyomwuliza Mwongeli. Kazi yenyewe ilikuwa kumwongoza Nusaiba, binti wa Abdulkadir mwenye duka la vitambaa kule Mwingi, msichana wa chuo kikuu aliyekuja na kamba, chupa ndogo ndogo na kioo cha kukuzia vitu, ati anasomea majani yanayoota juu ya mawe. "Wenzako wanatafuta waume, wewe unatafuta ukungu," wanawake wa kisimani walimtania, na haukuwa utani wa kuchekesha. Mwongeli aliwaacha waseme. Aliyezoea maneno ya mama mkwe hababaiki na ya majirani.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mumewe, Kiilu, atoke nyumbani asubuhi na mfuko wake wa ngozi na kisu cha asali, asirudi. Kiilu alikuwa mrina asali. Mizinga yake iliyoning'inia mitini kila mtu aliijua, lakini nyuki wa porini wanaokaa ndani ya mawe ni habari nyingine. Mrina asali wa huku hamwonyeshi mtu mahali pa nyuki wa mawe, hata mke wake, hata mama aliyemzaa. Akisema, ati nyuki watahama. Upuuzi mtupu, lakini nani atawaambia wanaume? Kwa hivyo Kiilu alipopotea, hakuna aliyejua pa kuanzia.

Kaka yake, Mbaluka, ndiye aliyewaongoza watu. Siku mbili walipita mito mikavu, wakapita vichaka vya wachoma makaa, wakaita mpaka sauti zikakauka. Desturi ni kwamba mke wa aliyepotea ndiye huwapikia wanaotafuta. Sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, inachemka uani kwake kutwa nzima, na moto ule ukiwa unawaka, watu wanajua kazi bado inaendelea. Jioni moja Mbaluka alirudi amechoka, akaketi karibu na moto, akasema, "Mabonde yamekwisha. Kesho tunapanda mlima Kavuti."

Jioni hiyo hiyo akafika utingo wa lori la mbuzi, kijana wa hapo hapo Tseikuru, ametoka barabara ya Mombasa. Akasema mbele ya wanaume wote kwamba wanajisumbua bure. Kiilu yuko Kambu, amemwona kwa macho yake, ameketi hotelini na mwanamke, anakula nyama, tena amenona. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza mambo. Mwongeli alisimama, akachukua mtungi wa maji, akaumwaga wote juu ya moto, majivu yakaruka mpaka kwenye chakula.

"Rudini kwenu," akawaambia. "Mume wangu hajapotea. Amenitoroka."

Wakarudi. Hasira ni hasara, tunawaambia watoto kila siku, lakini siku yako ikifika utakumbuka saa ngapi? Kabla Mwongeli hajayazoa yale majivu, mvua ikaanza. Mvua nzuri sana, ile ambayo watu wa Tseikuru huiombea kanisani mpaka wanachoka. Mwongeli alipanda kunde na mahindi huku akimtukana mumewe kwa kila shimo alilochimba.

Baada ya mavuno hasira ilipoa, wasiwasi ukaingia. Alikwenda Kambu mwenyewe. Akaonyesha picha ya Kiilu kila hoteli, akapanda tena mpaka Salama, akaonyesha. Kule Kambu mama mmoja wa hoteli, Waithera, alimwonea huruma, akamwita mteja wake mmoja atoke nje. Kwa mgongo, Kiilu mtupu. Alipogeuka, alikuwa mtu mwingine kabisa, na meno yake yalikuwa ya mtu mwingine. Mwongeli alirudi nyumbani mbio kumwambia mama mkwe wake kwamba utingo alikosea, na kwamba watu warudi porini.

Mama mkwe, Katunge, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umempata, amekukataa, sasa unatuletea hadithi. Mwanangu hakuwa mtu wa kutoroka, ni mdomo wako uliomfukuza." Na tangu siku hiyo hakutia kinywani kitu chochote kilichopikwa na Mwongeli. Ukipeleka chakula kwa mama mkwe na sahani ikarudi imejaa, ukoo wote unaona. Akienda matangani, sahani inarudi. Akienda harusini, inarudi. Mwongeli hakutaka mali wala hakutaka mume mwingine. Alitaka kitu kimoja tu duniani, ijulikane kwamba Kiilu hakumtoroka.

Sasa huyu Nusaiba alikuwa msichana wa maneno mengi, na Mwongeli akampenda kwa sababu hiyo. Siku ya kwanza walisimama kwenye jiwe lililopakwa kitu cheusi kama masizi ya sufuria. Nusaiba akafungua chupa, akadondosha maji kidogo. Kabla Mwongeli hajamaliza kufunga leso yake vizuri, ule weusi ulijikunjua, ukawa kijani kibichi.

"Woi! Imefufuka!"

"Haikuwa imekufa, Mama Ndanu," Nusaiba alisema. Alimwita hivyo kwa jina la binti wa Mwongeli aliyekuwa shule ya bweni. "Imenyamaza tu. Hii ni kuvumwani. Haina mizizi, ina nyuzi tu za kushikilia jiwe. Haina mishipa pia ya kupandisha maji. Inakunywa kwa mwili mzima, na inashika maji kuliko kitambaa. Jua likija inakauka, inangoja. Inaweza kungoja miaka."

"Na huzaa vipi? Sioni ua."

"Haina ua. Ina dume na jike. Mbegu ya dume inaogelea mpaka kwa jike, kwa hivyo lazima kuwe na maji juu ya jiwe, hata kama ni tone. Bila maji hakuna ndoa."

"Kama vijana wa hapa," Mwongeli alisema. "Mvua isiponyesha, mahari haitoki."

Nusaiba alicheka mpaka akaketi. Akampa kioo, akamwonyesha vijiti vyembamba vilivyosimama juu ya majani, kila kijiti na kichwa chake. Huyo ndiye mtoto, alisema. Haondoki kwa mamake. Anasimama juu ya kichwa cha mama, ananyonya hapo hapo mpaka akomae, halafu kifuniko cha kile kichwa kinaanguka na vumbi linatoka na upepo. Vumbi likiangukia mahali penye unyevu linatoa uzi wa kijani, na juu ya uzi yanatokea majani, na safari inaanza tena. Lakini hata ukiikata vipande, kila kipande kikipata maji kinaendelea peke yake. Nusaiba alimfundisha na namna ya kuichukua. Ikiwa kavu usiiguse, maana inapukutika mikononi kama tumbaku. Ilowanishe kwanza, basi itabanduka nzima kama ukoko wa ugali.

Walizunguka mawe ya chini, kisha Nusaiba akataka Kavuti. Alisema mlima mrefu hushika ukungu wa Julai, na kwenye nyufa zisizopigwa na jua ndiko kuvumwani huishi vizuri. Walipanda asubuhi. Upande wa nyuma wa mlima walikuta ufa, upana wa mlango, unaoshuka chini kwenye giza, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka juu yake. Mwongeli aliwatazama nyuki wale, akamkumbuka Kiilu. Walifunga kamba kwenye mti, Nusaiba akashuka.

Alikuwa akiongea huku akishuka, kama kawaida yake. Halafu akanyamaza.

"Nusaiba?"

"Mama Ndanu, usishuke. Tafadhali. Usishuke."

Mtu akikuambia usishuke kwa sauti ile, utafanya nini? Mwongeli aliishika kamba, akashuka.

Mtu alikuwa ameketi pale chini. Mifupa ilikuwa imeegemea jiwe kana kwamba mtu alipumzika akasinzia, na fisi hawakuweza kufika pale. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa umepishana. Kando yake mfuko wa ngozi, na juu ya ngozi, chini ya majani ya kijani, ilionekana alama ya ukoo, ile ile Kiilu aliyoichoma kwenye mizinga yake yote. Mwongeli alipiga magoti, akashika ule mfuko, akauachia.

"Ni yeye," alisema. "Ni Baba Ndanu."

Nusaiba alikuwa akilia, masikini, akimvuta bega ili watoke waende kwa chifu. Mwongeli akauondoa mkono ule begani.

"Kioo chako unacho? Soma hii iliyoota juu ya mfuko. Niambie imeota lini."

"Mama Ndanu, sasa hivi si wakati wa..."

"Soma!"

Nusaiba alisoma. Aliegemeza kiwiko kwenye jiwe. Alichambua lile zulia dogo kwa ncha ya kisu, akaonyesha chipukizi la msimu huu, na chini yake la msimu uliotangulia, na chini yake lingine lililogeuka kahawia, na vijiti vikavu vya watoto waliokwisha kumwaga vumbi lao zamani. Akasema huo haukuwa ushahidi wa kumpa hakimu, kuvumwani huhesabu mvua na si kalenda. Lakini mfuko haukuletwa hapa juzi wala mwaka jana. Mfuko ulikuwa hapa tangu mwanzo.

"Kwa hivyo hakwenda Kambu."

"Sidhani alikwenda popote, Mama Ndanu."

Basi Mwongeli alifurahi. Usinitazame hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Aliketi kando ya mifupa ya mumewe akafurahi, machozi yanatiririka na meno yako nje. Akapaza sauti ndani ya ufa, "Hakunitoroka! Katunge, unasikia? Mwanao hakunitoroka!" na jiwe likamrudishia. Alimpapasa Kiilu fuvu la kichwa kama unavyompapasa mtoto aliyetoka shule na matokeo mazuri. Miaka mitatu ya sahani zilizojaa ilikuwa imekwisha.

Alipoinua macho kumshukuru Mungu, akaona ukuta.

Ukuta ule wote ulikuwa umefunikwa kuvumwani nzito, ya zamani, yenye vijiti vyake. Lakini pale Kiilu alipoegemea, kuzunguka mabega na kichwa chake, palikuwa na viraka. Ndani ya viraka majani yalikuwa mafupi, machanga, bila mtoto hata mmoja. Viraka vilifika pale mkono wa mtu aliyeketi unapofika, na havikupita hapo. Mwongeli aliunyosha mkono wake mwenyewe, akagusa kimoja. Kisha akatazama chini. Kando ya nyonga ya Kiilu palikuwa na rundo la mabonge ya kijani, kila bonge kiasi cha ngumi, kama kitambaa kilichokamuliwa, mengine yamelala kichwa chini, na majani yake yamejipinda kugeuka juu kutafuta mwanga. Bonge moja lilikuwa limeota katikati ya mifupa ya vidole.

Nusaiba naye alikuwa ameona. Alisema haraka haraka, "Nyani hufanya hivyo. Wanabandua wakitafuta wadudu. Nimesoma."

"Nyani hukamua?"

Nusaiba aligeuza bonge moja, akalirudisha.

"Ulinifundisha wewe mwenyewe," Mwongeli alisema polepole. "Ikiwa kavu inapukutika. Hii ilibanduliwa nzima. Ilikuwa imelowa." Akaigeukia mifupa. "Alikuwa anakunywa."

Kiilu alitoka nyumbani wakati wa kiangazi, mawe yakiwa meusi na makavu. Maji yalifika kwenye ukuta ule pamoja na mvua, na mvua ilianza baada ya moto kuzimwa. Kwa hivyo jioni ile aliposimama na mtungi, mumewe alikuwa hai hapa, mguu umevunjika, bado na kiu yake. Na alipokuwa shambani akipanda kunde, akimtukana kwa kila shimo, Kiilu alikuwa ananyosha mkono, anabandua, anakamua kinywani, anaweka bonge kando. Mabonge yalikuwa mengi. Mwongeli alianza kuyahesabu akaacha.

Polisi walikuja, wakaandika, wakabeba. Mifupa ikalala chumba cha maiti Mwingi, kisha ikarudishwa nyumbani kwa Katunge kuzikwa. Habari ilikuwa imetangulia. Yule utingo alisikia, akahama Tseikuru bila kuaga. Wanawake wa kisimani walimjia Mwongeli na unga na sukari, hawajui waangalie wapi. Wewe ulisema ukweli tangu mwanzo, walimwambia, na sisi tulikuwa wajinga. Aliwaitikia. Kila alipoitikia alihisi kama anakula kitu cha wizi.

Siku ya mazishi Katunge aliketi kwenye kiti cha mbao mbele ya ukoo wote, Mbaluka amesimama nyuma yake. Alikuwa amezeeka ghafla. Alimwita Mwongeli kwa jina, mbele ya watu, akaagiza uji.

"Si wa mwingine," alisema. "Uliopikwa na mkono wa huyu."

Mwongeli aliuleta. Katunge alikunywa, taratibu, mpaka kibuyu kikawa kitupu, na watu wakawa wanatazama kila funda. Kisha akampa Mbaluka kibuyu, akauchukua mkono wa Mwongeli kwa mikono yake miwili.

"Mwiitu wakwa," alisema kwa Kikamba. Binti yangu. Hakuwahi kumwita hivyo, hata siku ya mahari. "Nimekutesa bure. Mwanangu hakukutoroka na wewe hukumfukuza. Nisamehe, na watu hawa wasikie."

Watu wakaguna kwa uchungu na kwa kuridhika. Hicho ndicho Mwongeli alichokitaka kwa Mungu na kwa wanadamu, na hiki hapa, amepewa mchana, mbele ya mashahidi. Lakini Katunge hakumwachia mkono.

"Sasa niambie kitu kimoja, nilale. Wewe ndiye uliyemwona. Alianguka akafa pale pale, si ndiyo? Hakuteseka?"

Nusaiba alikuwa ameketi upande wa wanawake, mtandio umemfunika mpaka machoni. Aliinua uso, akamtazama Mwongeli, na Mwongeli akaona kwamba msichana yule atasema nyani, atasema lolote, akitakiwa. Ilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Mama mzee atalala, na yeye ataheshimiwa, na Kiilu hadhuriki na lolote. Kuna ubaya gani? Lakini hata neno la Kambu lilikuwa dogo, neno la mtu aliyeona mgongo, na watu waliliamini kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko kupanda mlima. Yeye aliliamini wa kwanza. Mwongeli alijichukia kiasi kwamba hakuweza kujifichia uongo mwingine ndani yake.

"Hapana, Mama," alisema. "Mvua ilimkuta hai."

"Mvua gani?"

"Ile. Alivunjika mguu. Alikuwa anabandua majani ya mawe, anakamua maji, anakunywa. Alikaa siku nyingi. Nilipozima moto alikuwa bado anangoja."

Katunge alimtazama kana kwamba amesema kwa lugha ya nchi nyingine. Mmoja wa wazee akaweka kofia yake magotini. Nyuma ya kiti, Mbaluka alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa akimwambia mtu, "Kesho yake tungepanda Kavuti. Nilikuwa nimeshasema."

Mikono ya Katunge ikalegea. Haikuutupa mkono wa Mwongeli, iliuacha tu, ikarudi mapajani. Sauti yake haikuwa na hasira yoyote, heri ingekuwa nayo.

"Ungenidanganya, mwanangu," alisema. "Wewe ungenidanganya tu."

Mwongeli alibaki amepiga magoti mbele yake. Baadaye kidogo mchungaji alisimama akasema jua linapanda, na wanaume wakaenda kuliinua jeneza.